Deheni Chini ya Gari

Mimi sijui kukaa. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa nikiwa nimesimama, na shangazi zangu mpaka leo wakinikaribisha huniwekea kiti karibu na mlango, maana wanajua chai sitaimaliza. Kazi yangu imenifaa. Nanunua nazi na madafu mashambani, napakia kwenye pikapu, napeleka kwenye mahoteli ya Diani kabla jua halijapanda, narudi Mwabungo, nageuza, naenda tena. Mtu asiyenijua akiniona barabarani hudhani kuna anayenifukuza.

Siku ninayotaka kuieleza nilikaa. Nilikaa kutwa kwenye ua wa baba yangu, kando ya gurudumu la nyuma la kushoto, nikingoja bolti moja itoke. Nimewahi kungoja uchungu wa kuzaa ambao ulianza ukaacha, ukaanza ukaacha, na nimewahi kungoja talaka yangu kwenye benchi la kadhi. Yote mawili hayakunitesa kama bolti ile.

Dada yangu mkubwa aliolewa bara, mbele ya Kinango, mahali ambapo barabara inaacha kujiita barabara. Mumewe alifariki, akamwachia shamba la mahindi, kundi la mbuzi na ng'ombe mmoja mwenye tabia mbaya. Huko maji huchotwa kwenye silanga, bwawa la kuchimbwa ambalo mvua hulijaza ikipenda. Mwaka huo mvua haikupenda. Silanga likawa tope, kisha likawa nyufa ambazo mtoto angeweza kuingiza mguu. Kwa hiyo kila Alhamisi nilikuwa nikiacha nazi zangu, nafunga tangi la maji nyuma ya pikapu, na kumpelekea dada. Maji hayo ndiyo yaliyomnywesha yeye na mifugo mpaka Alhamisi nyingine, na hakuna tone lililokuwa la ziada.

Alhamisi moja, nikiwa nashuka kutoka kwake na tangi tupu, nilipita kwenye korongo moja nikasikia mlio chini ya gari, kama mtu amevunja kuni kwa goti. Nyuma kushoto pakalala. Niliteremka, nikachungulia. Springi ilikuwa imekatika, vile vibamba vya chuma vinavyobeba mzigo wote, na kibamba kikubwa kilikuwa kimetengana katikati na kuning'inia. Nilikifunga kwa vipande vya mpira wa tairi kuukuu, nikarudi nyumbani mwendo wa jongoo, huku bodaboda zikinipita na kunipigia honi za masikitiko.

Springi nyingine ilipatikana Jumatano iliyofuata, yaani siku moja kabla ya safari. Tangu Jumapili nilikuwa nimezunguka kuomba gari kwa kila mtu mwenye gari, kutoka Mwabungo mpaka Ukunda. Kila mmoja alinihurumia sana. Mmoja gari lake lilikuwa na homa, mwingine dereva wake alikuwa na msiba, na wa tatu alinieleza ukweli kwamba njia ile ya mbele ya Kinango inakula magari na yeye lake analipenda. Nilimheshimu huyo wa tatu.

Dada alikuwa akinipigia simu asubuhi na jioni. Si mtu wa kulalamika, na hilo ndilo lililokuwa likinikosesha usingizi. Jumatano asubuhi aliniambia sentensi mbili tu.

"Pipa nikiligonga lalia. Wewe usipofika kesho, mimi keshokutwa nawatoa mbuzi kwa miguu nielekee Samburu."

Samburu iko kwenye barabara kuu ya Nairobi, na watu walikuwa wakisema maji yanapatikana huko kwa wenye malori. Kutoka kwa dada ni mwendo wa kumaliza mbuzi mwenye afya. Wake walikuwa mbavu na masikio. Na dada mwenyewe ana kisukari, na miguu yake si ya safari hiyo. Nilimwambia kesho nafika. Nilisema kwa sauti ya mtu ambaye gari lake liko tayari, kisha nikakata simu nikaenda kuligombeza gari.

Fundi alifika mapema. Ni mtu wa bara, mtu mzima, amekaa Ukunda miaka mingi hata Kiswahili chake kimelainika kidogo pembeni, ingawa katikati bado ni cha kwao. Ana karakana ndogo kando ya barabara kuu, lakini kwa kuwa gari lilikuwa haliwezi kufika huko, nilimwomba aje nyumbani. Alikuja na tuktuk iliyojaa vyuma. Akapiga jeki, akatoa gurudumu, akaingia chini. Nikangoja kusikia mlio wa spana. Nikasikia kimya.

"Mama," akaniita kutoka huko chini, "nati ziko wapi?"

Hapa lazima nimlete baba, maana bila yeye jambo hili halieleweki. Baba yangu alikuwa fundi wa mashua. Magoti yalipomkataa, aliweka tezo yake ya kuchongea na keekee ya kutobolea mbao ndani ya sanduku, akalifunga, na kwa muda mrefu akawa mtu wa kukaa barazani akiitazama mikono yake. Kisha mimi nikaachika, nikarudi nyumbani, nikanunua pikapu. Siku nilipoileta, baba alilala kwenye mkeka akachungulia tumbo la gari kwa makini, akainuka na kusema, "Chombo hiki kiko uchi." Wiki hiyo hiyo alichanganya chokaa na shahamu ya ng'ombe, akapika deheni, ule uji mzito mweupe unaopakwa tumbo la mashua usiliwe na maji, akaipaka chini ya pikapu yangu. Juu ya deheni akapaka sifa, mafuta ya ini la papa, ambayo harufu yake mtu haisahau.

Mimi nilicheka, halafu nikakasirika, halafu nikazoea. Paka wa mtaa mzima walihamia chini ya gari langu. Walinzi wa mahotelini walikuwa wakifungua geti kabla sijapiga honi, maana upepo ulikuwa umeshawapa habari. Mpishi mmoja aliniuliza kwa adabu kama madafu yangu yanahifadhiwa pamoja na samaki. Lakini baba alikuwa ameanza tena kula vizuri na kuwatania wapita njia, kwa hiyo nikaiacha harufu iendelee. Kwa nilivyojua, alikuwa akipaka mara moja kwa mwaka, kabla ya Ramadhani, kama walivyokuwa wakifanya mashua zikipandishwa pwani.

Nati zilikuwa ndani ya deheni. Niliingia chini ya gari nikajionea. Mahali pa bolti palikuwa na donge jeupe lenye ukubwa wa kichwa cha mtoto mchanga, gumu, limekumbatia mwisho wa springi na chuma inaposhikia. Fundi alilipiga patasi. Likatoka kipande, na ndani yake kulikuwa na mistari, mweupe, mweusi, mweupe, mweusi, chokaa na sifa, chokaa na sifa, kama keki ya harusi ya kihindi. Fundi alianza kuhesabu kwa ukucha, akaacha.

"Mzee anapakanga hii kitu mara ngapi?"

Nikamwambia mara moja kwa mwaka.

Alinitazama kwa huruma ile ile ya wenye magari. Alisema hii si ya mwaka, na kwamba gari lenyewe halina miaka mingi hivyo. Kisha akapiga patasi tena, donge likaachia lote, na chini yake tukaona maji. Maji kweli, jasho la chumvi lililokuwa limefungiwa humo, na chuma kilichokuwa kimevimba, kikaota magamba mekundu, kikawa hakijulikani wapi nati na wapi bolti. Kibamba cha springi kilikuwa kimeliwa mpaka kikabaki unene wa kisu. Fundi alikigusa kikamong'onyoka.

"Si barabara iliyovunja," akasema. "Ni hii rangi. Imefungia chumvi ndani."

Damu ilinipanda. Nilifikiria mbuzi, nikafikiria miguu ya dada, nikafikiria yule mzee na mkeka wake na ndoo yake ya uji mweupe, na nilitaka kutoka chini ya gari nikamwambie palepale barazani kile alichokifanya. Nilitoka kweli. Nilimkuta amekaa kwenye kiti chake, ameshika fimbo, ameinua uso kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Akaniuliza kama fundi anasemaje. Aliniuliza kwa sauti ya fundi anayeuliza habari za fundi mwenzake.

Nikamwambia ni springi tu, imechoka.

"Springi huchoka," akasema. "Lakini chini kuko sawa?"

Nikasema chini kuko sawa. Nikarudi kwa fundi nikamwomba, kwa macho zaidi kuliko kwa mdomo, kwamba asiseme neno. Kazi iliyombakia mzee duniani ilikuwa ile. Ningeweza kumnyang'anya siku nyingine yoyote, siku ambayo ningekuwa na nafasi ya kukaa naye. Siku hiyo sikuwa na nafasi hata ya kuwa na hasira vizuri.

Basi kazi ikaanza. Fundi aliziparura nati kwa brashi ya waya mpaka zikaonekana, akazimwagia mafuta ya taa yaliyochanganywa na mafuta ya breki, akasema tuyape muda yanywe. Akakaa kwenye kivuli, akatoa chapati yake. Mimi nilizunguka gari. Nilizunguka tena. Nikaenda kisimani kuchota maji ya tangi ingawa gari halikuwa na mguu, nikarudi, nikamuuliza kama yameshakunywa. Akasema bado. Nikafagia ua. Nikafagia ua uliokwisha fagiwa. Baba akaniita akaniambia nitawatoa kuku macho kwa vumbi.

Ingekuwa stima ziko, fundi angeleta grenda akate kila kitu na maneno yakaisha. Lakini stima zilikuwa zimekatika tangu alfajiri, kuanzia Ukunda mpaka Msambweni, na kwenye simu watu walikuwa wakiulizana kama kuna anayejua zitarudi saa ngapi. Hakuna aliyejua. Kwa hiyo ilikuwa ni spana, bomba refu la kuongezea nguvu, na mikono.

Zile nati nne za chini, zinazobana springi kwenye ekseli, zilitutoa jasho lakini zilikubali. Moja ilipiga ukelele mrefu nilioupenda kuliko wimbo wowote. Nyingine ilikatika kabisa, na fundi akasema hiyo si neno, bolti mpya anazo. Nilianza kuona njia ya Kinango ikifunguka mbele yangu. Kisha tukafika kwenye bolti ya mwisho, ile ndefu inayopita kwenye jicho la springi na kuishikilia kwenye chesisi yenyewe. Nati yake ilitoka. Bolti haikutoka. Ilikuwa imegandana na bomba dogo la ndani ambamo inapita, chuma kimeoana na chuma, na talaka hakuna.

Fundi aliipiga nyundo kwa mbele. Akaipiga kwa nyuma. Gari zima likatikisika na kuku wakakimbilia kwa jirani. Mimi nikamnyang'anya bomba, nikaingia chini mwenyewe, nikavuta kwa hasira za wiki nzima, spana ikateleza na ngozi ya vidole vyangu ikabaki kwenye chuma. Fundi alinipa kitambaa, kisha akasema hii sasa inataka moto, na akiendelea kupiga nyundo atavunja kishikio cha chesisi, na hapo tutakuwa tunaongea habari nyingine.

Wakati huo simu ikalia. Dada. Sikuipokea. Niliitazama ikilia juu ya boneti mpaka ikanyamaza, na nikajichukia kwa kila mlio.

Mitungi ya gesi ilibidi iazimwe kwa mchomeleaji wa Ukunda. Nilimwambia fundi tungoje baba aende msikitini kuswali alasiri, maana baba akitoka kuswali hukaa na wenzake nje ya msikiti mpaka magharibi ikaribie. Nilipanga kila kitu. Baba akachukua fimbo, akavaa kofia, akaondoka polepole kwa magoti yake mabaya. Alipopinda kona ya ua tu, fundi akawasha moto. Tulikuwa tumefunika upande wa tangi la mafuta kwa magunia yaliyolowa, na mimi nilikuwa nimeshika ndoo ya maji kama askari wa zamu.

Ndipo deheni iliyobaki ikaanza kuyeyuka. Sikulifikiria hilo, wala fundi hakulifikiria. Shahamu ikatiririka, sifa ikashika moto, na moshi mweusi ukatoka chini ya pikapu, mzito, wenye harufu ya papa na ng'ombe wakiungua pamoja. Ukapanda juu ya paa letu, ukaruka ua, ukaelekea msikitini moja kwa moja kama uliotumwa. Fundi alikohoa akazima. Nilimwambia aendelee. Alikohoa tena akawasha.

Baba alirudi akiwa na wenzake wawili nyuma yake. Sijawahi kumwona akitembea kwa kasi ile tangu magoti yalipomkataa. Alisimama getini akavuta pumzi kwa pua, ndefu, na uso wake ukafanya kitu nisichokitarajia. Ulifurahi.

"Nani anachoma chombo bila kuniita?"

Nikaanza kusema maneno mengi kwa pamoja. Hakunisikiliza. Aliwaaga wenzake, akaomba mkeka, akashuka chini kidogo kidogo huku akinishika bega, akalala ubavu, akaingiza kichwa chini ya gari. Fundi alimwamkia shikamoo huko huko chini, naye akaitikia marahaba. Nikamwona baba akinyoosha mkono, akiokota kipande cha donge lililokatwa asubuhi, akikigeuza upande wa mistari, akikinusa, akikibonyeza upande uliokuwa na maji. Nilikuwa nimesimama na ndoo yangu.

"Hii haikukauka," akasema.

Fundi alinitazama. Mimi nilitazama ndoo.

"Mashua," baba akasema, na sasa alikuwa akimwambia fundi, si mimi, "ukiipandisha pwani huipaki vivi hivi. Waikwangua, halafu waitia moto wa makuti chini, pole pole, mpaka mbao ikauke na wadudu wafe. Ndipo upake. Gari lina petroli. Niliogopa moto. Nikapaka juu ya chumvi, na kila nikipaka nikaifungia." Alikiweka kipande kwenye mkeka, kwa upole. "Basi ni mimi."

Fundi, Mungu amjalie, alisema kwamba gari lilikuwa na umri wake na barabara ya Kinango ni mbaya. Baba alimwambia asimdanganye mtu mzima. Alisema hivyo bila ukali. Mimi nilichuchumaa nikamuuliza swali ambalo lilikuwa likinizunguka tangu asubuhi, maana mistari ile ilikuwa mingi kuliko miaka.

"Baba, ulikuwa ukipaka lini?"

Alikuwa akikiangalia kile chuma.

"Kila ukienda kwa dadako."

Nikakumbuka jioni zote za Jumatano. Mimi nikipika chakula cha kumpelekea dada, nikifunga tangi, nikiingia nikitoka, na baba akiwa amelala kwenye mkeka kando ya gurudumu la kushoto, upande unaoelekea baraza, upande pekee ambao magoti yake yaliweza kuufikia. Nilikuwa nikimuuliza anafanya nini, naye akijibu anakagua magurudumu. Nikimpita. Siku moja nilimwambia aondoke hapo, namcheleweshea safari. Harufu ilikuwa ni ile ile ya siku zote, kwa hiyo pua yangu haikuniambia kitu.

"Kila wiki, baba?"

"Na wewe uko njia ile peke yako," akasema, "mimi nifanye nini hapa?"

Miaka yote najiona mimi ndiye nisiyejua kutulia katika nyumba hii, mimi ndiye mwenye moto miguuni, na baba ni yule wa barazani, mtulivu, mwenye fimbo. Kumbe kutotulia kwangu nimekurithi. Kwake miguu ilikataa, kukamwingia mikononi. Niligeuka nikajifanya naongeza maji kwenye ndoo iliyokuwa imejaa.

Baba alimwambia fundi awashe moto, na safari hii asiuonee huruma. Akakataa kutoka chini. Alishika gunia lililolowa mwenyewe, akaliweka upande wa bomba la mafuta, akawa anamwambia fundi mahali ambapo shahamu bado inatoka. Moshi ukawafunika wote wawili. Majirani walikuja mpaka ukutani, wakauliza, wakajibiwa tunatia chombo moto, wakarudi makwao wameridhika. Chuma kikawa chekundu. Fundi akachukua mshumaa, akaugusisha kwenye ukingo wa bolti, nta ikanyonywa ndani. Akaacha kidogo. Akapiga nyundo mara chache, si kwa nguvu.

Bolti ikasogea. Ikasogea tena, ikatoka upande wa pili ikaanguka kwenye mchanga, ikiwa bado na moshi wake. Baada ya kutwa nzima ilianguka kama ilikuwa haina habari na sisi. Mimi nilikaa chini. Nilikaa kweli, matako mchangani, na nilicheka mpaka fundi akaangalia kando.

Springi mpya ilifungwa kabla ya magharibi. Nilimpigia dada nikamwambia gari limesimama tena kwa magurudumu yake, naye akasema alikuwa ameshajua, maana baba alikuwa amempigia kabla yangu. Nikamuuliza kama baba humpigia mara kwa mara. Akasema kila Alhamisi, tangu ninapotoka, mara huuliza kama nimefika, mara huuliza kama jua ni kali, mara hana la kuuliza. Akasema alidhani najua.

Alfajiri niliondoka na tangi limejaa. Moto ulikuwa umekula sifa yote, na gari halikunuka. Kwa mara ya kwanza niliendesha njia yote ile nikisikia harufu ya vumbi lenyewe, na ya majani makavu, na sikuipenda. Dada nilimkuta amesimama kwenye njia na ndoo mbili, na mbuzi wake wote nyuma yake. Wawili walikuwa wamelala, na tuliwanywesha kwa kikombe tukiwashika vichwa. Mmoja aliinuka. Yule ng'ombe mwenye tabia mbaya alikunywa mpaka akapiga teke ndoo, na dada akacheka akasema sasa amepona.

Deheni haijarudi chini ya gari. Baba mwenyewe aliikwangua iliyobaki, siku baada ya siku, kwa tezo aliyoitoa sandukuni, upande aliouweza, na upande wa pili nikaukwangua mimi huku yeye akinielekeza na kunikosoa. Paka wamehama. Mvua ilikuja baadaye, silanga likashika maji kiasi, lakini safari za Alhamisi sikuziacha, maana dada amezoea na mimi nimezoea, na magoti ya baba yakiruhusu huja nami mpaka Kinango na kuwaambia watu wa mnada wa mifugo kwamba mbuzi wao wamekonda.

Siku ambazo magoti hayaruhusu, tulikubaliana akague nati. Fundi alimpa spana kuukuu. Wiki iliyopita nilipata pancha karibu na kituo cha mafuta, nikamwita fundi, na ilibidi apande juu ya bomba kwa miguu yote miwili ndipo nati za gurudumu la kushoto zikaachia. Alinilaumu. Alisema aliyezikaza hivi anataka gari lisitoke nyumbani, na kwamba nimwambie mzee apunguze, zitakuja kukatika.

Sikumwambia. Jumatano jioni chakula cha dada huwa tayari mapema, lakini nakaa jikoni. Nasikia spana ikigonga chuma huko nje, kimya kidogo, ikigonga tena. Nangoja amalize ndipo nitoke.